Kondomu Anayo, Kauli Hana

Mwenyekiti wa kikao, madaktari na wauguzi wenzangu, waelimishaji rika, ndugu zetu wa serikali na wa vyombo vya usalama mliokubali mwaliko, na ninyi dada na kaka mnaofanya biashara ya ngono, ambao leo mmekaa viti vya mbele badala ya kusemwa mkiwa hampo: asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie hatari za kiafya zinazowakabili wanaouza ngono na ugumu wa kujikinga katika kazi hiyo. Hotuba za namna hii tumezizoea. Anasimama mtaalamu, anataja magonjwa moja baada ya jingine, anaonyesha picha za vidonda, kisha anahitimisha kwa kusema elimu ya kondomu iongezwe. Mimi ni muuguzi, na wanawake ninaowahudumia wanaijua kondomu kuliko wengi wetu tuliomo humu. Wanajua ipi inapasuka upesi, ipi inanukia vibaya, ipi imekaa juani mpaka imekakamaa. Wanaivalisha gizani bila kuitazama. Ukimpa mtu wa namna hiyo somo la jinsi ya kufungua pakiti, unampotezea muda wake na wako.

Tatizo linaanza pale ambapo kondomu anayo mkononi na kauli hana. Nani mwenye neno la mwisho mlango ukishafungwa? Ukilijua jibu la swali hilo, utajua pia nani ataugua.

Kabla sijaendelea, niweke jambo moja wazi. Ninawazungumzia watu wazima, wanawake kwa wanaume, pamoja na wale waliobadili jinsia. Mtoto chini ya miaka 18 hafanyi biashara ya ngono. Mtoto huyo anadhulumiwa, na wajibu wetu kwake ni kumlinda na kumtoa hapo.

Mzigo wenyewe ni mkubwa. Mwaka 2012 watafiti walikusanya takwimu kutoka nchi 50 za kipato cha chini na cha kati, zikiwahusu karibu wanawake 100,000 wanaouza ngono. Walikuta kwamba uwiano wa kuwa na VVU miongoni mwa wanawake hao ulizidi ule wa wanawake wengine wa umri wa kuzaa kwa zaidi ya mara 13. Ongezeni hapo kisonono, klamidia, kaswende, trikomona, homa ya ini aina ya B, na virusi vya papiloma vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Mengi ya magonjwa haya kwa mwanamke hayana kelele. Kisonono na klamidia vinaweza kukaa miezi bila maumivu wala uchafu wa kutisha, huku vinapanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi. Anakuja kugundua siku anapotafuta mtoto hapati, au mimba inapotunga nje ya kizazi na kutishia maisha yake.

Sasa turudi chumbani.

Mteja amekunywa. Dada naye mara nyingi amekunywa, kwa sababu baa ndiyo sehemu ya kukutania na kukataa bia ya mteja ni kukataa mteja. Wamekubaliana bei huko nje, ya kondomu hawakuitaja, au waliitaja naye akaitikia. Mlango unapofungwa ndipo maneno yanaanza. Mimi ni msafi, niangalie. Mpira unaniwasha. Nikivaa sisikii kitu. Kwani wewe unaumwa? Maneno yote hayo dada ameshayasikia na ana jibu la kila moja. Lile la mwisho ndilo zito: nitakuongezea.

Wachumi wamelipima neno hilo. Utafiti uliofanywa Meksiko na kuchapishwa mwaka 2005 uligundua kwamba mteja asiyetaka kondomu alilipa asilimia 23 zaidi. Kwa hiyo kila usiku anayesisitiza kondomu anaacha mezani karibu moja ya tano ya pato ambalo angeweza kulipata, na anayelegeza anaondoka nalo. Sisi wenye mishahara tunamwambia asitamani hela hiyo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Kuna utafiti mwingine ambao kwangu unapaswa kusomwa katika kila chuo cha uuguzi. Ulifanyika magharibi mwa Kenya, ukachapishwa 2011. Watafiti waliwaomba wanawake waandike shajara za kila siku: mapato, wateja, matatizo ya nyumbani. Ilionekana kwamba siku ambayo mtu wa nyumbani ameugua, mara nyingi mtoto, uwezekano wa mwanamke kufanya ngono bila kondomu ulipanda kwa takriban asilimia 19. Maarifa yake ya VVU yalikuwa yaleyale ya jana. Kilichobadilika ni homa ya mtoto na pesa ya dawa. Mama anaweka mizani: virusi ambavyo huenda vikamdhuru miaka ijayo, na mtoto anayetetemeka usiku huu. Nani kati yetu angechagua tofauti?

Ndiyo maana ninasema akiba ya dharura ni kinga ya VVU. Bima ya afya ya mtoto ni kinga ya VVU. Mganga wa zahanati ya kijiji anayempokea mtoto huyo usiku bila kudai malipo kwanza amezuia maambukizi, hata kama hakuna ripoti itakayomhesabia.

Katika hali hiyo ya chumbani, ujanja wa kazi una thamani kubwa, na waelimishaji rika wanaufundisha kuliko sisi. Malizana mambo ya pesa na kondomu kabla ya kuingia ndani, mahali ambapo bado unaweza kuondoka. Mvalishe mwenyewe, tena kwa namna inayomfanya aone ni sehemu ya starehe. Mkibadilisha mkao, mkono wako upite kuhakikisha mpira bado upo. Taa isizimwe kabisa. Kilainishi kiwe cha maji au cha silikoni, kwa sababu mafuta ya kujipaka, ya kupikia na losheni huidhoofisha kondomu ya mpira kwa dakika chache tu. Usivalishe mbili kwa pamoja ukidhani unaongeza ulinzi, zinasuguana na kupasuka. Kondomu ya kike inaweza kuvaliwa mapema kabla ya kutoka, na wapo wanaoivaa bila mteja mlevi kujua tofauti. Ile ya plastiki laini ya nitrile haiharibiwi hata na mafuta. Inasikitisha kwamba kondomu ya kike ndiyo ya kwanza kukosekana katika stoo zetu, wakati ndiyo pekee ambayo mwanamke hahitaji kumwomba mwanamume aivae.

Ila ujanja una mpaka. Wapo wanaume wanaokubali kondomu kisha wanaivua kinyemela katikati ya tendo. Wapo wanaoitoboa. Wapo wanaotoa kisu. Katika chumba ambacho hata kelele hazitaleta mtu, kusisitiza kunaweza kukugharimu meno au uhai. Dada anayeacha kubishana wakati huo amefanya hesabu sahihi ya kubaki hai, na akija kwetu kesho asikute mtu anayemuuliza kwa nini alikubali.

New Zealand iliondoa makosa ya jinai katika biashara ya ngono kati ya watu wazima kwa sheria ya mwaka 2003. Sheria hiyo inamtaka mteja naye, pamoja na mtoa huduma, kuchukua hatua za kujikinga, na inampa mtoa huduma haki ya kukataa mteja wakati wowote hata kama makubaliano yalishafanyika. Mwaka 2021 mahakama ya huko ilimtia hatiani kwa kosa la kubaka mwanamume aliyevua kondomu bila ridhaa ya mwanamke aliyekuwa amemlipa. Tafakarini mwanamke huyo aliwezaje kufika mahakamani. Alikwenda polisi akaeleza kazi yake na kilichompata, na hakuwekwa ndani.

Mahali pengi mambo huenda kinyume. Dada akibakwa na kwenda kituoni, anaulizwa kwanza alikuwa anafanya nini pale saa zile. Ukimsaka, kondomu zilizomo mkobani ndizo ushahidi dhidi yake. Hili halitokei katika nchi maskini tu. Mwaka 2012 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu miji minne ya Marekani, New York, Washington, Los Angeles na San Francisco, ambako polisi walikuwa wakizichukua kondomu au kuzitumia kama ushahidi wa ukahaba, na wanawake wakaeleza kuwa walikuwa wanaogopa kubeba nyingi. Idara ya afya inagawa kondomu asubuhi, idara ya polisi inazikusanya usiku. Zote zinalipwa kwa kodi ileile.

Ndugu zangu wa polisi, nimefurahi mko hapa, na ninawaambia kwa heshima zote. Madhara ya msako hayaishii kwa waliokamatwa. Waliobaki wanahama kutoka mtaa wenye taa kwenda vichochoroni, wanapanda gari la mteja haraka bila kumtazama usoni wala kumsikiliza, wanafupisha mazungumzo ya bei, na mazungumzo yanayofupishwa kwanza ni yale ya kondomu. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makadirio ya watafiti waliotumia takwimu za Canada, India na Kenya. Walikadiria kwamba kuondoa makosa ya jinai katika biashara hii kungeweza kuzuia kati ya asilimia 33 na 46 ya maambukizi mapya ya VVU katika kipindi cha miaka 10 miongoni mwa wafanyabiashara hao na wateja wao. Hakuna dawa mpya wala mashine humo. Ni kubadili jinsi askari anavyomtazama mwanamke aliyesimama barabarani.

Najua wapo humu ambao dini na dhamiri zao haziwaruhusu kuikubali biashara hii. Sijaja kuwaomba muikubali. Ninachoomba ni kwamba anayeifanya asife kwa sababu yake, na hata anayetaka kuiacha kesho anahitaji kuifikia kesho hiyo akiwa mzima.

Yapo mafanikio ya kujifunza. Thailand ndiyo mfano unaotajwa zaidi, lakini mara nyingi sababu yake inaelezwa nusu. Mwaka 1989 Dakta Wiwat Rojanapithayakorn alianza jaribio katika mkoa wa Ratchaburi, na kufikia 1991 likawa la nchi nzima. Wakati linaanza, kondomu zilikuwa zikitumika katika takriban asilimia 14 tu ya ngono za kulipia. Ndani ya miaka michache zikapita asilimia 90, na magonjwa ya zinaa yakaporomoka. Siri ilikuwa hii: madanguro yote ya mkoa yalitakiwa kufuata kanuni moja kwa wakati mmoja. Mteja aliyekataa kondomu nyumba ya kwanza alikutana na jibu lilelile nyumba ya pili na ya tatu. Ile hela ya nyongeza ikakosa soko. Hakuna mwanamke aliyelazimika kupambana peke yake. Kasoro ilikuwapo pia, tena si ndogo: utekelezaji uliegemea polisi, wamiliki na vipimo vya lazima, na wanawake wenyewe hawakuulizwa. Mimi ningechukua ule umoja wa msimamo, nikaacha ulazima.

Umoja bila ulazima waliuonyesha wanawake wa Sonagachi, mtaa maarufu wa madanguro mjini Kolkata, India. Dakta Smarajit Jana alifika hapo mwaka 1992 kwa shughuli ya kuzuia VVU, na akawaajiri wafanyabiashara ya ngono wenyewe kuwa waelimishaji. Alipowasikiliza akakuta kwamba VVU haviko juu kwenye orodha ya shida zao. Juu kulikuwa na wakopeshaji waliowatoza riba ya kunyonya, watoto waliokosa shule, wahuni na polisi. Mwaka 1995 wakaunda chama chao, Durbar, na mwaka huohuo wakaanzisha ushirika wa akiba na mikopo unaoitwa USHA. Matumizi ya kondomu, yaliyokuwa karibu na asilimia 3 mwanzoni, yakapanda sana katika miaka iliyofuata. Mwanamke mwenye akiba kwenye ushirika wake anaweza kumwacha mteja mbishi aende zake. Hapo ndipo kauli inaporudi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hata waelimishaji rika hulizungumza kwa sauti ya chini: mpenzi. Siyo mteja, yule wa nyumbani. Tafiti kutoka nchi nyingi zinaonyesha jambo lilelile: kondomu hutumika zaidi na mteja mgeni, hupungua kwa mteja wa mara kwa mara, na kwa mpenzi karibu hutoweka. Nimelisikia kwa maelezo mengi yanayofika mahali pamoja. Mpira ni wa kazini. Anapouvua anakuwa nyumbani, anakuwa mke, anakuwa mtu wa mtu. Ukimwambia avae kondomu na mpenzi wake, masikioni mwake umemwambia kwamba na huyu pia ni mteja. Na mpenzi mwenyewe huenda ana wengine, huenda ndiye anayekula nusu ya mapato ya usiku, huenda ndiye anayepiga. Mteja wa mara kwa mara ni hatari ya aina yake, kwa sababu amepewa imani ya mpenzi bila kuwa mpenzi.

Kumhubiria hapa hakufai kitu. Kinachofaa ni kuwapima wote wawili, wakitaka kuja pamoja waje, na kuwapa njia za kinga zisizotangaza vita kitandani. Ikiwa mmoja ana VVU, atumie dawa mpaka virusi visionekane kwenye kipimo. Mwenye virusi visivyoonekana hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Jambo hilo limethibitishwa kwa maelfu ya wenza, na bado nasikia watoa huduma wakilinong'ona kana kwamba ni siri ya hatari.

Na kwa asiye na VVU kuna dawa kinga, PrEP. Kidonge cha kila siku kinafanya kazi vizuri kinapomezwa vizuri. Mwanamke akianza, ahesabu siku 7 za kumeza mfululizo kabla ya kukitegemea. Shida ya kidonge ni kopo lake. Anaishi chumba kimoja na wenzake, kopo likitikisika linatoa sauti ileile ya dawa za ARV, na kufikia jioni mtaa mzima umeambiwa ana UKIMWI. Wengi wameacha PrEP kwa sababu ya kopo. Hamisheni vidonge kwenye vifuko, jamani, ni jambo dogo.

Sindano imefungua njia nyingine. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa lenacapavir, sindano inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka, uliofanyika Afrika Kusini na Uganda. Kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU katika kipindi cha utafiti. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike. Sindano haina kopo, mteja haioni, mpenzi haulizi. Nina hofu moja tu: kwamba itakapofika kwa uchache, itapewa kwanza wale tunaowaona wanastahili, na wanaouza ngono watasubiri mwisho wa foleni. Itakuwa dhuluma, kwa sababu sayansi ya VVU ina deni kwao. Tangu 1985 wanawake wanaouza ngono katika mtaa wa Majengo, Nairobi, wamekuwa wakitoa damu yao kwa watafiti, na kupitia wao dunia ikajua kwamba wapo watu wachache wanaokutana na virusi mara nyingi bila kuambukizwa. Walitoa miili yao kwa elimu yetu. Wasiwekwe nyuma.

Hata hivyo PrEP, iwe kidonge au sindano, haizuii kisonono, haizuii kaswende, haizuii mimba. Kondomu haistaafu.

Niseme machache kuhusu usafi, maana hapa nia njema huzaa madhara. Baada ya kila mteja wapo wanaojisafisha ndani kwa sabuni, siki, maji ya ndimu, dawa ya meno au dawa za kuua vijidudu. Wengine wanaweka vitu vya kukausha kwa sababu mteja anapenda ukavu. Uke una bakteria wake walinzi wanaoutunza kwa tindikali yao. Ukiwafukuza, unabaki na harufu zaidi na ngozi yenye michubuko, yaani mlango wazi kwa virusi. Kuna somo chungu la kisayansi hapa. Ilidhaniwa kwamba nonoxynol-9, kemikali ya kuua mbegu za kiume, ingeua pia VVU. Ikajaribiwa kwa wanawake wanaouza ngono nchini Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2000 yalionyesha kinyume: walioitumia waliambukizwa zaidi kuliko wasioitumia, kwa kuwa ilikuwa inauchubua uke. Maji safi kwa nje yanatosha. Na kwa wale wanaoweka pamba au kipande cha sponji ili wafanye kazi siku za hedhi, ninaelewa kwa nini, pango la nyumba halisubiri hedhi iishe. Ila kitolewe siku hiyohiyo, kisiachwe ndani. Nimevitoa vingine vilivyokwisha kuoza, mwenyewe akiwa na homa kali na haya ya kusema.

Antibayotiki za kununua kwa kubahatisha nazo ni mtego. Vidonge viwili kabla ya kazi, viwili baada, kwa imani kwamba vinakinga. Haviwezi kugusa virusi, na kisonono kimeshajifunza kuzishinda dawa nyingi zilizokuwa zikikitibu. Kaswende, kwa upande mwingine, bado inasalimu amri mbele ya sindano ya penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ila lazima kwanza ipimwe. Kipo kipimo cha haraka kinachopima VVU na kaswende kwa tone moja la damu. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ipo. Uchunguzi wa mlango wa kizazi upo, na mwanamke mwenye VVU, ambaye hatari yake ya saratani hiyo ni takriban mara 6 ya mwingine, anapaswa kuanza kuchunguzwa akiwa na miaka 25. Tunavyo vyote hivi. Kwa nini hawaji kuvichukua?

Hawaji kwa sababu yetu. Kliniki inafungua asubuhi, yeye amelala saa moja iliyopita. Anafika, anaulizwa mbele ya foleni tatizo ni nini. Akisema anatokwa na uchafu, anaambiwa amlete mume. Mume hana. Anajibu kwamba amesafiri. Anaambiwa arudi naye. Harudi. Anayethubutu kusema kazi yake anaona muuguzi anabadilika uso, anaitwa mwenzake aje atazame, na siku ya pili habari iko sokoni. Anajifunza kudanganya, nasi tunamtibu mtu ambaye hatumjui. Mwanamke ambaye hajasema kwamba anafanya ngono ya mdomo au ya njia ya haja kubwa hatapimwa koo wala njia hiyo, na kisonono kinaweza kukaa huko kimya kabisa. Kwa kaka zetu wanaouza ngono ni vibaya zaidi: wengi hawatamki chochote, na vilainishi, ambavyo kwao ni muhimu kama kondomu yenyewe, hawavipati.

Maswali yabadilike, basi. Badala ya mumeo yuko wapi, tuulize ungependa tumtibu nani mwingine pamoja nawe. Tuulize kila mtu, bila kuchagua sura, ni sehemu gani za mwili zinazotumika katika ngono, kwa sauti ileile tunayoulizia mafua. Chumba kiwe na mlango unaofungwa. Tuwaajiri waelimishaji rika kwa mshahara halisi, maana wanafika gesti na vilabu ambavyo gari la wizara halitaingia. Siku moja kwa wiki tufungue jioni. Na tuulize usingizi, tuulize pombe, tuulize kama kuna mtu anayempiga, kwa sababu anayekunywa ili aweze kuvumilia kazi hatakumbuka kondomu saa nane usiku.

Nimalizie na saa hiyohiyo ya saa nane usiku. Kondomu imepasuka, au amebakwa. Dawa za dharura za kuzuia VVU, PEP, zinapaswa kuanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na kumezwa kwa siku 28. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kina siku 5, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Akija Ijumaa usiku akaambiwa mwenye stoo yuko likizo hadi Jumatatu, muda unakuwa umekaribia kwisha. Asidaiwe barua ya polisi ndipo atibiwe. Barua itafuata akiitaka. Wasimamizi wa vituo mliopo hapa, leo jioni mkirudi, muulizeni wa zamu ya usiku kama ana ufunguo wa kabati zilipo dawa hizo. Kama hana, aachiwe ufunguo leo.